Neno la Kushukuru katika Sala ya Kikristo ya Kiswahili

Sala ni utanzu ambao mhakiki wa Kiswahili aghalabu huupita pembeni. Utenzi huuhakiki, shairi hulipima kwa vina na mizani, riwaya huichambua kwa wahusika na maudhui yake. Lakini mbele ya sala hunyamaza, akiona kwamba maneno hayo ni siri ya mja na Mola wake, na kwamba mtu wa tatu hana haki ya kuyasikiliza kwa sikio la kazi. Heshima hiyo inaeleweka. Hata hivyo, sala isemwayo mbele ya watu ni lugha kama lugha nyingine: ina mwanzo na mwisho wake, ina mafungu ya maneno yaliyozoeleka, ina msemaji na wasikilizaji, na huweza kusemwa vizuri au vibaya. Tena, kwa Mkenya asiyenunua vitabu, pengine sala ndiyo Kiswahili cha kifasihi anachokisikia mara nyingi kuliko kingine chochote.

Makala haya yanakusudia kuichunguza sehemu moja tu ya sala ya Kikristo, nayo ni shukrani, na kutetea dai moja. Neno «kushukuru» lilipoingia katika sala hiyo lilikuwa tayari na maana mbili: maana ya mtu aliyepata, na maana ya mtu aliyepoteza. Sala bora za shukrani huzitunza maana zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Sala nyingi zinazosikika makanisani siku hizi hubakisha ile ya kwanza peke yake, au huiharakisha ile ya pili kabla mwenye msiba hajapata nafasi ya kulia.

Neno na asili yake

Msamiati wa shukrani katika Kiswahili karibu wote una asili ya Kiarabu, lakini maneno yenyewe hayalingani. «Asante» latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya «umetenda vyema». Kwa hiyo anayesema asante hutoa hukumu juu ya tendo la mwenzake. «Sifa» hutaja namna mtu au kitu kilivyo. «Kuhimidi» ni kumtukuza Mungu kwa utukufu wake, neno ambalo halizoeleki kutumiwa kwa binadamu. «Kushukuru» ndilo neno lenye historia ya kumshangaza msomaji wa leo.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akachapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, akawa askofu tangu 1874 hadi kifo chake mwaka 1882. Katika orodha ya maneno ya kitabu hicho alieleza kwamba neno kushukuru lilitumiwa kwa nadra sana mjini Unguja kwa maana ya kutoa asante, na kwamba kumshukuru Mungu kulikuwa, karibu kila mara, ni kupata faraja, kuacha kuomboleza, na kuridhika na yaliyoamuliwa. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 haikuiacha maana hiyo, ingawa iliitanguliza ile ya asante.

Maelezo ya Steere hayakuwa udadisi wa mgeni asiyeelewa. Yanaafikiana na mafundisho ya Kiislamu yaliyolilea neno hilo, ambamo subira na shukrani huwekwa pamoja. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziandikia zote mbili kitabu kimoja ndani ya Ihya yake. Mtu wa pwani aliyefiwa, anapoambiwa «mshukuru Mungu», hatakiwi afurahie kifo. Anaambiwa kwamba kilio kina mpaka wake, na kwamba mpaka umefika. Neno hili basi lina wakati wake: lina uhusiano na kuondoa matanga, si na kuyaanza. Anayelisema mapema mno hukosea adabu, hata kama sarufi yake ni sahihi.

Neno hilo ndilo lililokaa katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 kila palipohitajika kitenzi cha Kiyunani eukharistein, ambacho ndicho shina la jina «Ekaristi» wanalolitumia Wakatoliki kwa sakramenti ya meza ya Bwana. Hivyo Mkristo wa Kiswahili alikabidhiwa, kwa ajili ya ibada iliyo kuu kuliko zote, neno ambalo wenyeji wa Unguja walikuwa wakilisikia zaidi kwa waliofiwa. Mtu aweza kudhani kwamba huo ulikuwa mkosi wa tafsiri. Kwa hakika ulikuwa bahati njema. Ibada ya Ekaristi ni shukrani iliyotolewa usiku wa kuamkia kifo: mkate hushukuriwa, kisha humegwa. Maana mbili za kushukuru hukutana hapo bila ya kugombana.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Wakenya wengi wasalio kwa Kiswahili huja na picha nyingine kutoka lugha zao za kwanza. Mkikuyu husema gũcookia ngaatho, yaani kurudisha shukrani, kana kwamba shukrani ni kitu kilichochukuliwa na kinachopaswa kurejeshwa kwa mwenyewe. Picha hiyo yaafikiana vema na habari ya wakoma 10 katika Injili ya Luka, mlango wa 17. Wote 10 walipona njiani. Mmoja tu, Msamaria, ndiye aliyerudi. Luka haelezi kwamba wale 9 hawakufurahi. Yamkini walifurahi kupita kiasi, wakawahi nyumbani. Walichokosa ni safari ya kurudi. Shukrani basi, kwa Luka kama kwa Mkikuyu, ni mwendo kabla ya kuwa hisia.

Zaburi: kilio kabla ya shukrani

Kiebrania cha Zaburi chaongeza jambo jingine. Claus Westermann, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1954, alionyesha kwamba Kiebrania cha Biblia hakina kitenzi cha pekee cha kushukuru kama lugha za Ulaya zilivyo nacho. Kitenzi hodah, ambacho Biblia ya Muungano hukifasiri mara nyingi kwa neno «shukuru», kina maana ya kukiri mbele ya watu kile alichokitenda Mungu. Wafasiri wa kale wa Kiyunani walikitolea neno la kukiri, na Kilatini kikafuata njia hiyohiyo. Ndiyo sababu Augustino, mwishoni mwa karne ya nne, aliweza kukiita kitabu chake Confessiones akimaanisha kukiri dhambi na kukiri sifa kwa pamoja.

Madhali kushukuru ni kukiri, shukrani yahitaji masimulizi. Zaburi ya 107 ni mfano ulio wazi. Yaleta makundi manne: waliopotea nyikani, waliofungwa gizani, waliougua hata wakakaribia kufa, na waliopatwa na dhoruba baharini. Kila kundi huelezwa shida yake, kilio chake, kuokolewa kwake, kisha ndipo huitwa kushukuru. Hakuna kundi linaloruka kutoka shida hadi shukrani bila kupita katika kilio. Mpangilio huu ndio uliojitokeza tena Afrika Mashariki katika ushuhuda wa ndugu wa Uamsho, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Msemaji husimama, hueleza alikokuwa na alikotolewa, na wenzake humpokea kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Ushuhuda huo ni shukrani ya Kizaburi kwa umbo na kwa roho, hata kama msemaji hakulitaja neno shukrani hata mara moja.

Zaburi nyingine hubana safari hiyo ndani ya kinywa kimoja. Zaburi ya 13 ina aya 6 tu, lakini huanza na malalamiko ya mtu aliyesahauliwa na kumalizika kwa wimbo. Zaburi ya 22 huanza na kilio cha aliyeachwa, ikaishia na sifa katikati ya kusanyiko. Ni lazima pia kuitaja Zaburi ya 88, ambayo huanza gizani na kuishia gizani, bila neno la shukrani mwishoni. Wakusanyaji wa Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuiongezea aya ya kuifariji. Waliiacha katika kitabu cha sala kama ushahidi kwamba mtu aweza kusali na asiwe tayari kushukuru.

Kwa upande wa fani, sala hizi zilikikuta Kiswahili kikiwa na vyombo vya kuzipokea. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya hufungwa kwa maneno yaleyale. Msikilizaji aliyezoea kibwagizo hahitaji kufundishwa namna ya kuitikia. Utenzi nao, kwa ubeti wake wa mishororo minne ya mizani minane na kina cha mwisho kinachopita utungo mzima, ni bahari ya kusimulia, na shukrani ya Kizaburi, kama ilivyoonekana, ni masimulizi. Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki kutoka Ugogo, aliliona jambo hilo alipotunga tenzi juu ya Injili na juu ya Zaburi katika miaka ya 1960. Hakuwa akiivika dini ngeni kanzu ya kuazima, kwani bahari aliyoitumia ilikuwa imekwisha kubeba dua, hamdu na simulizi za wokovu kwa karne kadhaa.

«Kwa» na «katika»

Penye kasoro, kasoro hiyo huanzia mahali padogo sana. Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 5, awaagiza waumini kushukuru, na kihusishi cha Kiyunani alichokitumia kina maana ya «ndani ya»: yaani, katika hali yoyote itakayowapata. Biblia ya Muungano ilitumia «kwa». Tafsiri hiyo si kosa, maana «kwa» ya Kiswahili ni pana. Huonyesha sababu, chombo, namna, mahali na mwelekeo. Lakini baada ya kitenzi kushukuru, sikio la Mswahili huisikia kwanza kama «kwa» ya sababu. Ninakushukuru kwa zawadi yako. Ninakushukuru kwa msaada wako. Hivyo agizo la kushukuru katika kila jambo hugeuka kuwa agizo la kushukuru kwa sababu ya kila jambo, likiwemo jeneza.

Kweli, katika waraka kwa Waefeso, mlango wa 5, Kiyunani chenyewe chatumia kihusishi cha «kwa ajili ya», na mwenye kutetea maana ile pana anao ushahidi wake. Lakini sehemu hizo mbili hazisemi jambo moja, na lugha yenye «kwa» na «katika» haina sababu ya kuzifanya kitu kimoja. Anayeshukuru katika msiba amebaki na Mungu wake. Anayeambiwa ashukuru kwa ajili ya msiba ameombwa auite msiba zawadi.

Sala ya kitabu

Mfano wa sala iliyojua kazi yake ni ile sala ya shukrani ya jumla iliyoingizwa katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza mwaka 1662, itokanayo na Askofu Edward Reynolds wa Norwich, ambayo Waanglikana wa Afrika Mashariki wameirithi kwa Kiswahili. Mpangilio wake ni wa ngazi: huanza na kuumbwa, hupita katika kulindwa na neema za maisha haya, kisha hupanda hadi ukombozi na tumaini la utukufu. Katikati imeachwa nafasi ya kuwataja watu wanaotaka kushukuru kwa jambo lililowatukia karibuni, ili shukrani ya wote isimeze shukrani ya mmoja.

Lililo kubwa zaidi ni ombi lake. Sala hii nayo huomba, lakini haiombi mali, afya wala safari njema. Huomba kwamba wasalio wapewe moyo wa kutambua rehema walizokwisha kupata, na kwamba sifa yao ionekane katika mwenendo wao zaidi ya midomo yao. Kwa maneno mengine, huomba uwezo wa kushukuru. Shukrani haikufanywa kuwa hodi ya mlangoni, isemwayo haraka ili mgeni aingie na kutaja haja yake. Shukrani ni chumba chenyewe.

Sala ya mdomo

Ukiacha vitabu, kuna sala isiyoandikwa ambayo husikika katika makanisa mengi ya Kenya, mikutanoni, shuleni na hata mwanzoni mwa vikao vya kamati. Mwanzo wake unajulikana. Msemaji humshukuru Baba kwa siku ya leo, kwa pumzi na kwa uzima, kisha huongeza: wapo waliotamani kuiona siku hii lakini hawakuiona; wengine wamelala hospitalini, wengine wamekwisha kuzikwa; wala si kwamba sisi ni wema kuliko wao, ila ni kwa neema. Baada ya hapo hufuata neno «sasa», na kwa neno hilo maombi huanza.

Mwenye haraka ataidharau sala hii kama kasuku wa madhabahuni. Dharau hiyo haifai. Fungu hili la maneno ni fasihi simulizi halisi: lina takriri, lina mizani ya pumzi, na husahihishwa na kila kinywa kinacholipokea. Zaidi ya hayo, ndani yake mna mabaki ya maana ile ya kale ya kushukuru. Msemaji hawezi kuishukuru asubuhi pasipo kuwataja waliokufa usiku. Kifo kimesimama karibu na shukrani yake, kama kilivyosimama katika Unguja ya Steere.

Hata hivyo, hatari yake ni kubwa, na Injili ya Luka imeionyesha mahali pake. Katika mlango wa 18 Farisayo asimama hekaluni na kusali sala ya shukrani. Hakuomba chochote, alishukuru tu, naye akashuka nyumbani kwake bila kuhesabiwa haki, kwa kuwa alishukuru kwamba hakuwa kama watu wengine. Sala ya Kenya yasimama hatua moja tu kutoka kwa sala hiyo. Nayo yashukuru kwamba wasalio hawakuwa kama wengine, yaani wale waliokufa. Kinachoiokoa ni kishazi kimoja: «wala si kwamba sisi ni wema kuliko wao». Kishazi hicho ndicho uti wa mgongo wa sala nzima, na ndicho kinachoachwa kwanza msemaji anapokuwa na haraka. Kikiachwa, waliofariki hubaki kuwa kipimo cha bahati ya walio hai.

Na wasikilizaji wa sala ni nani? Katika benchi la tatu huenda ameketi mjane aliyezika juma lililopita. Mumewe ni mmoja wa wale waliotamani kuiona siku hii wasiione. Kusanyiko zima limetoa shukrani, na sababu ya shukrani hiyo ni kwamba wao hawakupatwa na lililompata mumewe. Yeye naye hutazamiwa kuitikia «Amina».

Shukrani matangani

Katika mazishi yenyewe jambo hili hufikia kilele. Imekuwa desturi kuiita ibada ya mazishi ibada ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, na desturi hiyo ina uzuri wake. Kushukuru kwa maisha yaliyokwisha ni kukiri kwamba yalikuwa zawadi, na «kwa» hapo ipo mahali pake: mtu hushukuru kwa maisha, hashukuru kwa kifo. Lakini mara nyingi maneno ya Ayubu katika mlango wa kwanza, ya Bwana kutoa na Bwana kutwaa, huletwa juu ya kaburi kana kwamba kitabu cha Ayubu kiliishia hapo. Kitabu hicho kina milango 42. Ayubu aliyasema maneno hayo akiwa amelirarua joho lake, na ilipofika mlango wa tatu alikuwa akiilaani siku ya kuzaliwa kwake. Mwandishi wa Ayubu hakuona kwamba mlango wa tatu unaubatilisha wa kwanza. Anayemsomea mfiwa wa kwanza na kumnyima wa tatu amemfundisha nusu ya sala.

Hapa ndipo lugha ya pwani ya karne ya 19 yaweza kumsaidia mhubiri wa leo. Katika maana aliyoiandika Steere, kushukuru ni kuacha kuomboleza. Na hakuna aachaye asichokianza. Neno lenyewe lakiri kwamba kulikuwa na maombolezo, lawapa siku zake, kisha lafunga mlango kwa upole. Zaburi zafundisha utaratibu huohuo kwa njia yao. Basi Kiswahili na Zaburi vimekubaliana juu ya jambo ambalo sala ya haraka imelisahau: kwamba shukrani ya aliyepoteza ni ya kweli na huweza kuwa kuu kuliko ya aliyepata, ila haina budi kungojwa.

Hitimisho

Wanaofundisha Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Kamusi zikiifuta maana ya pili ya kushukuru, au zikiiweka mwishoni kama masalio ya lahaja, zitakuwa zimewanyang'anya waumini chombo ambacho hawana kingine mahali pake. Wafasiri nao wafaa waipime upya «kwa» inayofuata kitenzi hicho, pale ambapo matini ya asili yasema «katika». Hali kadhalika, mhakiki wa fasihi simulizi anaporekodi nyimbo za kazi na za jando, hana sababu ya kuipuuza sala ya asubuhi isemwayo na mzee wa kanisa; humo mna usanii, na mna hatari, kama ilivyo katika kila usanii wenye nguvu.

Kwa anayesali, huenda mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Kishazi cha kujinyenyekeza kisiachwe. Waliokufa watajwe kwa ajili yao wenyewe kabla ya kutajwa kama kipimo cha uhai wa wengine. Na mjane wa benchi la tatu asitakiwe kushukuru leo. Siku yake itafika, naye atalisema neno hilo kwa maana yake yote mbili, na siku hiyo kusanyiko litakuwa na la kujifunza kutoka kwake.